Hasho au Puti? Kosa la Seremala, Gitaa na Kiswahili cha Karakana za Meru na Embu

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu nyimbo za gitaa. Wimbo wa "Malaika" uliorekodiwa na Fadhili William umechambuliwa katika semina nyingi. Fundi Konde wa pwani ya Kenya na Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, wametajwa mara kwa mara kila inapozungumziwa safari ya Kiswahili katika muziki wa karne ya 20. Hata hivyo, chombo chenyewe kilichozibeba nyimbo hizo hakijapewa nafasi katika mijadala hiyo. Gitaa limechukuliwa kuwa kitu kinachotoka dukani kikiwa kimekamilika, kana kwamba halikupata kupitia mikononi mwa seremala. Kwa sababu hiyo lugha ya kuliunda, na hasa lugha ya kurekebisha makosa yanayotokea linapoundwa, imebaki nje ya darasa.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba pengo hilo lina madhara. Seremala mwenye neno moja tu la kutajia kosa, yaani "imeharibika", huwa pia na tiba mbili tu: kuficha kosa kwa puti au kuutupa ubao motoni. Gitaa halivumilii tiba ya kwanza, na misitu ya Mlima Kenya haivumilii ya pili. Kiswahili kina njia ya tatu, na njia hiyo ina jina lake: hasho.

Hasho ni kipande cha ubao kinachochongwa kwa kipimo cha tundu au pengo, kikatiwa humo kikashikamana na ubao mzima ili chombo kiendelee na kazi yake. Ni neno la mafundi wa vyombo vya bahari. Puti ni kinyume chake. Ni ujiuji wa gundi na unga wa mbao, usio na mkondo wa nyuzinyuzi, unaopakwa ili jicho la mnunuzi lisione. Hasho humrudishia mti kilichoondoka. Puti hukifunika tu. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo kiini cha hoja inayofuata.

Mti, ngoma na karakana

Meru na Embu si wageni wa mbao zenye sauti. Katikati ya maeneo hayo kuna Chuka, nchi ya wapiga ngoma mashuhuri. Ngoma ndefu za Wachuka, ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, huchongwa kwa kukomba gogo moja hadi libaki ganda. Mzinga wa nyuki wa jadi hukombwa vivyo hivyo. Mti wa muringa, unaojulikana kama mringaringa katika sehemu za Tanzania, umetumika kwa kazi za namna hiyo tangu zamani. Katika kazi ya kukomba, kosa lina hukumu kali. Chuma kikipenya ganda la ngoma, kilichotolewa hakirudi.

Uundaji wa gitaa ni kazi ya aina nyingine. Hakuna gogo linalokombwa. Kuna ubao wa uso, ubao wa mgongo, mbavu mbili zilizokunjwa kwa moto, shingo, ubao wa vidole na daraja, na vyote hivyo huungwa kwa gundi. Kila kiungo ni mahali pa kukosea, lakini kila kiungo pia ni mahali panapoweza kufunguliwa na kurekebishwa. Fundi aliyezoea ngoma ana sikio la mti. Fundi aliyezoea milango na vitanda ana mkono wa viungo. Gitaa humtaka mtu awe na vyote viwili.

Barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru ina karakana nyingi za vitanda, meza, milango na makochi. Mbao zinazotumika huko zinatosha kabisa kumfundishia mtu kazi hii. Kuna mgrevilea, mti wenye asili ya Australia ambao wakulima wa kahawa na chai wameupanda mipakani mwa mashamba yao, na ambao wenyeji huuita mukima au mubariti. Kuna saipresi, iliyoletwa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Wako wanaoidharau saipresi kwa kuwa ni mbao za dari na za kumwagia zege, wasijue kwamba mafundi wa Uhispania wameitumia saipresi ya Mediterania, ndugu yake wa karibu, kwa mbavu na mgongo wa magitaa ya flamenko. Aidha, kuna muuru, ambao wafanyabiashara wa mbao wameupa jina la mwaloni wa Meru ingawa hauhusiani na mwaloni. Ni jamii moja na mfuu.

Muuru ndio unaoifanya habari hii ya makosa kuwa nzito. Kwao hasa ni miteremko ya Mlima Kenya, nao umeorodheshwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Mwaka 1999 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilichunguza kutoka angani uharibifu wa misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, na likaonyesha jinsi miti ya asili, muuru na muthaiti ikiwemo, ilivyokuwa ikikatwa kiharamu. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mwaka 2023 ikatangaza kuondoa marufuku hiyo kwa miti ya kupandwa iliyokomaa. Katika hali hiyo, ubao wa muuru uliomo karakanani, hata ukiwa umetolewa kwenye kitanda kikuukuu au mlango wa zamani, ni mali isiyopatikana kila siku. Kuutupa kwa sababu ya kosa la patasi ni kuukata mti huo mara ya pili.

Gitaa si kabati

Mtu anaweza kuuliza: kama puti inatosha kwa kabati, kwa nini isitoshe kwa gitaa? Jibu limo katika kazi ya vitu hivyo viwili. Kabati huwekwa mahali likabeba uzito wa vilivyomo. Gitaa huvutwa usiku na mchana. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida hulivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Za nailoni hulivuta kwa nguvu inayokaribia kilo 40. Mvuto huo hupokewa na daraja lililogundishwa juu ya ubao wa uso, ambao unene wake kwa kawaida ni milimita 2.5 hadi 3 tu. Ubao mwembamba kiasi hicho usingedumu hata siku moja kama si vipande vya mbao vilivyogundishwa chini yake. Kwa vipande hivyo Kiswahili cha jahazi kina neno linalofaa: mataruma, yaani mbao zinazotiwa ndani ya chombo ili kukiimarisha.

Isitoshe, ubao huo wa uso unatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Lazima uwe mgumu kiasi cha kuustahimili mvuto, na mwepesi kiasi cha kutetemeka uzi unapoguswa. Puti haiwezi lolote kati ya hayo. Haina nyuzinyuzi za kupokea mvuto wala za kupitisha mtetemo.

Makosa yenyewe pia hayalingani. Mwaka 1862 fundi wa Uhispania, Antonio de Torres, aliunda gitaa ambalo mbavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu huku uso wake ukiwa wa mbao. Alikusudia kuonyesha kwamba uso na mataruma yake ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya sauti. Funzo kwa seremala wa Embu au Meru ni kwamba kosa halipimwi kwa ukubwa wake machoni. Hupimwa kwa mahali lilipo na kazi ya mahali hapo. Alama kubwa mgongoni yaweza kuachwa, nayo nywele ya ufa karibu na daraja yaweza kuliua gitaa zima.

Kwa mintarafu hii makosa yanaweza kugawanywa katika makundi matatu: kosa la sura, kosa la nguvu na kosa la sauti. La sura humuudhi mtazamaji. La nguvu huvunja chombo. La sauti hulifanya gitaa liseme uongo, uzi ukazwe vyema lakini wimbo utoke ukiwa umepinda. Mwanagenzi anayefundishwa kuuliza kwanza "kosa hili ni la kundi gani?" amekwisha kupata nusu ya tiba.

Kosa na tiba yake

Mifano michache itafafanua jambo hili. Wa kwanza ni tofauti kati ya bonyeo na mkato. Nyundo ikiangukia ubao, nyuzinyuzi za mti hulala lakini hazikatiki. Kitambaa chenye maji huwekwa juu ya bonyeo, ncha ya pasi yenye moto ikapitishwa, na mvuke ukazivimbisha nyuzinyuzi hadi zikainuka. Mkato wa patasi si hivyo. Hapo nyuzinyuzi zimekwisha ondoka, na mvuke hauwezi kukiinua kisichokuwapo. Mkato ndio unaotaka hasho. Fundi asiyeyatenga maneno haya mawili hupaka puti katika bonyeo, naye kwa kufanya hivyo huifunga njia ambayo mvuke ungepitia. Tatizo la dakika tano amelifanya la kudumu.

Mfano wa pili ni ufa. Kaunti ya Embu inaanzia kwenye miteremko yenye unyevu ya Mlima Kenya na kuteremka hadi nyanda kavu za Mbeere. Gitaa lililoungwa mjini Embu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, likipelekwa Mbeere wakati wa kiangazi, hukauka. Ubao husinyaa kwa upana wake, lakini kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kutajika. Mataruma yaliyokingama chini ya uso yanakataa kuufuata uso unaposinyaa, basi uso hupasuka. Tiba huanza kwa subira: gitaa hurudishiwa unyevu polepole hadi ufa ujifunge wenyewe, kisha gundi husukumwa ndani yake, na kwa upande wa ndani hugundishwa vibao vidogo vilivyokingama mkondo wa nyuzinyuzi. Ufa ukikataa kujifunga, huchongwa hasho jembamba kama jani, la mti uleule, mkondo wake ukielekea sawa na wa uso. Aliyeujaza ufa huo puti ameutega. Mvua zitakaporudi ubao utavimba, utaigonga puti ngumu isiyokubali kusogea, na ufa wa pili utatokea kando ya wa kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Karakanani inafaa kuongeza kwamba kuziba kuna namna yake.

Mfano wa tatu ni mbavu. Ubao wenye unene wa milimita 2 hivi hulowanishwa kisha hukunjwa juu ya bomba la chuma lenye moto, na hapo methali ya samaki mkunje angali mbichi hupata maana yake halisi. Mahali pa hatari ni kiunoni, kunako mkunjo mkali. Nyuzinyuzi zikiinuka kidogo kwa nje, hutiwa gundi na kubanwa mara moja, na kwa ndani ubavu huongezwa kibao cha kuushikilia. Lakini ubao ukivunjika kwa upana wake wote, hilo ni kosa la nguvu lililovuka mpaka, na hekima ni kulikubali. Hata hapo moto hauna haki ya kwanza. Vipande vya ubavu uliovunjika ndivyo vitakavyotoa mahasho yenye rangi na mkondo sawa na gitaa hilohilo.

Mfano wa nne unahusu hesabu. Urefu wa uzi kati ya kizingiti cha shingo na daraja ukiwa milimita 650, freti ya kwanza hukaa milimita 36.5 hivi kutoka kizingitini, na ya 12 hukaa katikati, milimita 325. Kila freti hupatikana kwa kuugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Msumeno ukikosea milimita moja, hakuna mkazo wa uzi utakaoirekebisha sauti ya freti hiyo. Kosa hili halionekani, husikika. Mfereji uliokosewa hujazwa kijiti cha mti uleule wa ubao wa vidole, gundi ikakauka kabisa, ndipo mfereji mpya ukakatwa mahali pake. Kwa puti, chuma cha freti kingelegea baada ya muda.

Mfano wa tano ni daraja lililogundishwa juu ya vanishi. Gundi ya mbao hushika mbao, haishiki rangi. Daraja la namna hiyo litang'oka, pengine mbele ya hadhira. Wapo wanaolipigilia misumari au skrubu, na kwa hivyo wanautoboa ubao mahali unapobeba mzigo mkubwa kuliko pote. Tiba yake ni kulitoa, kuikwangua vanishi hadi mbao ionekane, na kulirudisha. Ni kazi ya saa chache kwa anayekubali kuanza upya, nayo haina mwisho kwa anayeona haya.

Mwisho ni kosa lisilo na hasho: uso uliorandwa kupita kiasi. Unene hauongezwi. Hata hivyo, fundi ana hiari ya kuyaongezea nguvu mataruma, kutumia nyuzi za nailoni badala ya za chuma, au kuukata ubao huo uwe uso wa gitaa dogo la mtoto. Chombo kimebadilika, mti haukupotea.

Guni, inkisari na mazida

Msomaji aliyefundishwa arudhi atakuwa ameitambua njia hii ya kufikiri. Hakuna mwalimu wa ushairi anayeridhika mwanafunzi anaposema kwamba shairi "limeharibika". Humtaka aeleze ni ubeti gani, mshororo upi, na kama mizani imepungua katika ukwapi au katika utao. Shairi lenye kasoro ya vina na mizani lina jina, guni, na dawa za mshairi nazo zina majina. Neno likizidi hufupishwa kwa inkisari. Likipungua hurefushwa kwa mazida. Mwisho wake ukikataa kupatana na kina hubadilishwa kwa tabdila. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alisaidia kuifanya elimu hiyo iwe ya kusomwa vitabuni, ilhali kwa karne nyingi ilikuwa imekaa vinywani mwa malenga.

Seremala naye ana inkisari yake anapopunguza kisigino cha shingo kilichozidi. Ana mazida yake anapotia kabari chini ya ubao wa vidole ulioshuka. Ana tabdila anapoligeuza gitaa kubwa kuwa dogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika hayo. Ushairi ulipata watu wake. Useremala wa ala bado unawangoja.

Tena ushairi una funzo jingine. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamapinduzi, uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, uliwalazimisha wahakiki kutofautisha kosa na kusudi. Kithaka wa Mberia, mshairi kutoka Tharaka, jirani ya Meru na Embu, ameyapanga maneno ukurasani kwa namna ambayo mhakiki wa zamani angeiita uharibifu, na leo hupangwa vile kwa maana yake. Hali kadhalika, si kila hasho linalotofautiana rangi na ubao ni aibu. Hasho lililotiwa vizuri laweza kuachwa lionekane, likawa ushahidi kwamba fundi alikosea na akajua la kufanya. Lakini kuna mpaka ambao mshairi hana na seremala anao. Mshairi anaweza kuitetea guni yake kwa hoja. Seremala hawezi kujadiliana na nyuzi 6.

Pingamizi

Zipo pingamizi ambazo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba magitaa ya kiwandani yanapatikana madukani, na hivyo hakuna haja ya kujihangaisha. Lakini gitaa la kiwandani nalo hupasuka Mbeere, na daraja lake nalo hung'oka. Asiyejua kuunda hajui kutengeneza, na asiyejua kutengeneza hununua tena. Shule inayojiandaa kwa tamasha la muziki ikiwa na magitaa matatu yaliyovunjika stoo haihitaji duka. Inahitaji fundi aliye jirani na anayejua kutofautisha ufa na mkato.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Hasho na taruma ni maneno ya bahari, nayo Meru na Embu ziko mbali na bahari. Je, si dhuluma kuwaletea mafundi wa bara maneno ya pwani wakati Kimeru na Kiembu zina msamiati wake wa mbao? Ingekuwa dhuluma kama maneno hayo yangeletwa kuyafukuza mengine. Kiswahili hakikui kwa namna hiyo. Maneno muuru, muringa na mubariti yameingia katika makala haya bila kuomba ruhusa, kwa kuwa hakuna mengine yanayoitaja miti hiyo kwa usahihi kama hayo mahali hapo. Neno la Kimeru linalotaja aina ya ufa ambayo Kiswahili sanifu hakiijui lina haki ileile. Karakana ni mahali ambapo lugha hukutana zikiwa na kazi ya kufanya, na neno litakalobaki ni lile litakalomsaidia mwanagenzi kushika patasi vizuri.

Pingamizi ya tatu ni kwamba mafundi wamefanya kazi miaka yote bila msaada wa wasomi. Ni kweli, na heshima hiyo ni yao. Hata hivyo, maarifa yasiyo na maandishi hutegemea uhai wa mtu mmoja na hisani yake. Kuna tena jambo lisilosemwa kwa urahisi. Mwanagenzi anayeogopa kukatwa ujira kwa ubao aliouharibu atalificha kosa. Puti ni dawa ya woga kabla ya kuwa dawa ya mbao. Mficha maradhi kifo humfichua, na gitaa lililofichiwa ufa litamwumbua fundi siku litakapokazwa nyuzi. Mahali ambapo makosa yana majina, na kila jina lina tiba, mwanagenzi huweza kumwendea mwalimu wake akasema, "Mwalimu, nimekata, sikubonyeza," naye mwalimu akajua pa kuanzia. Jina la kosa humpunguzia mkosaji aibu, nalo humpa njia ya kwenda mbele.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Vyuo vikuu haviko mbali na karakana hizi. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Mwanafunzi wa Kiswahili katika eneo hili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kuirudia kwa mara ya kumi mada ya mwenzake. Akitembea hatua chache kutoka lango la chuo atasikia randa.

Kazi itakiwayo si orodha nyingine ya istilahi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na kupangwa kwa alfabeti. Kamusi za namna hiyo, kama zile za sayansi na isimu zilizotolewa na TUKI mwaka 1990, zimefanya kazi adhimu na zina mahali pake. Lakini fundi aliyepasua ubavu saa nne asubuhi hatafuti neno linaloanza kwa herufi fulani. Anatafuta kosa lake. Kinachohitajika ni mwongozo uliopangwa kwa makosa: kosa linaonekanaje au linasikikaje, ni la sura, la nguvu au la sauti, lifanywe nini kwanza, lisifanywe nini kamwe, na ni wakati gani wa kukubali hasara na kuugeuza ubao kuwa kitu kingine. Mwongozo huo uandikwe na mwanafunzi akiwa amekaa karibu na fundi, usomwe kwa sauti mbele ya mafundi wengine, na usahihishwe nao. Jina la fundi, akiridhia, liwekwe pamoja na la mwanafunzi.

Kazi ya namna hiyo itaunufaisha Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi lugha hii husifiwa majukwaani kwa uwezo wake wa kubeba sayansi na teknolojia, kisha wasifu hurudi katika Kiingereza pindi wanapotakiwa kueleza jinsi ya kurekebisha kitu kilichokosewa. Kusifu kwa namna hiyo ni puti. Pengo lipo palepale, limepakwa maneno laini. Idara na vyama vya Kiswahili vinaweza kuchagua njia ya hasho: kulipima pengo, kwenda kuutafuta mti unaofanana nalo, kuuchonga kwa kipimo na kuutia mahali pake. Mahali pa kuanzia ni karakana iliyo karibu na chuo, na swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: ukikosea hapa, huwa unafanyaje?